Waifai ya Kuvuka Laga

Rafiki yangu Mkongomani alizoea kuja kwetu kila Jumapili baada ya kanisa. Alivuka laga, ule mto wa mchanga unaotenganisha nyumba yetu na kambi ya Kakuma, akaketi sebuleni na kumpigia mamake aliyebaki Uvira. Upande wake mtandao wa simu ulikuwa dhaifu. Sauti ilikuja vipandevipande na sura haikuja kabisa. Kwetu kulikuwa na waifai. Nilipika huku nikiwasikia wakiimbiana mapambio, kisha wakibishana jinsi ya kupika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wakicheka.

Siku moja akateleza kwenye bomba la maji, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitalini na magongo, na mchanga wa laga haupitiki kwa magongo. Mamake naye akaugua, akalala hoi.

"Yaya," aliniambia nilipomtembelea, kama Wakongomani wamwitavyo dada mkubwa, "mama ataenda bila kuona sura yangu."

Nilimweleza mume wangu, fundi wa sola. "Basi tumpelekee waifai kwake," akasema. Alisafiri hadi Lodwar, akarudi na vidishi viwili vyeupe: kimoja cha kuweka juu ya paa letu, kingine nyumbani kwa rafiki yangu. Vikitazamana bila kizuizi, mtandao wetu ungevuka laga mpaka chumbani kwake.

Lakini havikuonana. Ukingoni palikuwa na mti mkubwa wa mathenge, ndani ya boma la mama mmoja mzee wa Kiturkana. Tukaenda kwake.

"Ejok," tulimsalimu, tukamweleza shida yetu.

"Mama yake ndiye mgonjwa?" akauliza.

"Ndiye."

Akaingia ndani, akatuletea panga mwenyewe.

Tulipomaliza kukata matawi, mume wangu alipanda paa letu. Mimi nilisimama uani kwa rafiki yangu nikizungusha kidishi juu ya nguzo, simu sikioni.

"Kushoto kidogo," mume wangu alisema. "Umepita! Rudi. Hapo hapo, kaza!"

Taa zikawaka kijani. Rafiki yangu akapiga. Kule Uvira mdogo wake alipokea, akaielekeza simu kitandani. Mama hakuweza tena kusema. Rafiki yangu akaanza pambio lao, na midomo ya yule mama ikafuata. Hakuna sauti iliyotoka. Tuliona midomo tu.

Mama huyo alifariki wiki ile ile. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, chumba cha rafiki yangu kikiwa kimejaa wanakwaya. Jeneza lilipofikishwa kaburini, upepo wa vumbi ulivuma na picha ikaganda. Nikampigia mume wangu.

"Nguzo ya huku imepinda," akasema. Alipanda paani katika vumbi lile, akaishika kwa mikono yake. Picha iliporudi, wanaume walikuwa wakisawazisha udongo.

Rafiki yangu hakulia. Aliniuliza tu, "Walimwimbia?"



Baada ya matanga alituomba tukishushe kidishi. Nilimwambia kibaki, majirani watakitumia.

"Hapana, yaya. Nikikiona nasahau. Natafuta simu, nataka kumpigia mama."

Mume wangu akapanda kukifungua. Mimi nilishika ngazi, na rafiki yangu alikaa mlangoni akitutazama mpaka skrubu ya mwisho ilipotoka.