Kutoka Wizarani Hadi Wodini

Baba alifanya kazi wizarani Maskati mpaka alipostaafu, na mimi, bintiye, nikaingia huko huko. Njia yangu ilikuwa imeshapangwa: mkuu wa kitengo, kisha naibu mkurugenzi, na mbele zaidi Mungu akijaalia. Sikuwa na sababu ya kuikataa.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Alipozinduka, Kiarabu chote kilikuwa kimemtoka. Kilichobaki ni Kiswahili cha utotoni kwao Unguja, nacho kwa vipande.

Hospitali walimpa mtaalamu wa kuwarudishia wagonjwa usemi, msichana mpole. Alimwonyesha mama picha, akamuuliza kwa Kiarabu ni kitu gani. Mama akahangaika, kisha akasema, "Kikombe." Yule msichana akatikisa kichwa kwa huruma, akageuza picha nyingine.

"Amepatia," nikamwambia. "Hicho ni kikombe, kwa Kiswahili."

Aliona haya. "Basi kaa hapa, unifasirie."

Nikakaa siku ile, na wiki zilizofuata. Nikaona kazi ilivyo ngumu, na furaha inayomjia mtu neno linapomtoka. Siku moja yule msichana akaniuliza, "Hujafikiria kuisomea kazi hii? Wazee kama mama yako ni wengi, na sisi hatuwaelewi." Nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Qurum sikuwaza jengine.

Baadaye niliomba nafasi ya masomo, nikaipata. Nikamwambia baba wakati wa chakula cha mchana.

"Uache wizara? Na mwaka huu unapanda cheo?"

"Nnajua, baba."

"Ukakae darasani na watoto?"

"Ndiyo."

Akanyanyuka, wali wake haujaisha. Kwa muda mrefu tukawa hatuzungumzi ila dawa za mama.

Mama nilimwambia mwenyewe, nimemshika mkono wake uliobaki mzima. Alilitafuta neno, midomo ikitetemeka, mpaka nikataka kumwambia aache. "Soma," akasema. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya kwanza ya masomo, gari yangu ikiwa gereji Wattaya, nilimkuta amevaa kanzu na kofia, funguo mkononi. "Twende, utachelewa," akasema.

Mama alifariki kabla sijamaliza. Yapo maneno ambayo hakuyapata tena, na jina langu mojawapo.

Sasa nafanya kazi wodini, nimeanzia chini kabisa. Niliowaacha wizarani wameshakuwa wakubwa. Tukikutana msibani au harusini huniuliza kwa upole kama sijuti. Ziko siku hujuta, hasa mgonjwa akirudi kwao kimya kama alivyokuja. Baba haulizi cheo. Jioni nikiingia ndani huuliza tu, "Leo kasema mtu?" Na kama hakuna, mimi humwambia hakuna, tukanywa chai.