Msiba Ulioletwa na Simu

Melania wa Runzewe, Mama Kalisti, alipeleka habari za misiba ya watu kwa miguu miaka thelathini. Mtu akifa, hutumwa yeye, na kazi aliijua. Hufiki ukasema. Unabisha hodi, unasalimia, unaomba maji, unakaa. Mwenye nyumba akiuliza kuna nini, unamwambia kaa kwanza. Akishakaa ndipo unasema, halafu unabaki naye. Hata siku moja hakumwambia mtu aliyesimama.

Basi Jumanne moja anapukuchua mahindi, akaja mbio Loveness, jirani yake, simu mkononi. Tivii ya mtandaoni ya huko Geita imeweka habari: duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limetitia machimboni, wachimbaji watatu waliokuwa chini wamekufa. Na picha ya Kalisti, mwanawe aliyekuwa akichimba huko, hiyo hapo, imeandikwa jina lake na neno marehemu.

Limi, wifi yake Melania, aliyekuwa naye hapo, akapiga yowe.

"Nyamaza! Unamlilia nani?"

"Si huyo hapo, Mama Kalisti! Jina lake kabisa!"

"Nani kaleta? Simu? Imebisha hodi hiyo? Imekaa? Juzi ilituambia mvua kubwa, iko wapi? Ukitaka kulia, kalilie kwako."

Akarudi kwenye mahindi yake. Mkeka wa msiba hakuutandika. Jioni watu wakatazama taarifa ya habari dukani kwa Imran. Televisheni ilisema watatu, majina haikutaja. Melania alipoambiwa kwake akashika hapo hapo: haikutaja. Lakini vidole vyake vilikuwa vinapukuchua magunzi matupu.

Kesho yake mchana ikaja bodaboda. Akashuka Enock, mwandishi wa tivii ile ile ya mtandaoni, kamera begani.

"Shikamoo mayu, mama yetu. Tunaomba neno lako, unajisikiaje kumpoteza..."

"Marahaba. Weka hiyo chini."

Akaiweka. Melania akampa kigoda, akamletea maji kwenye kopo.

"Kunywa. Mwanangu ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona mayu. Walipomtoa nilikuwepo."

"Kavaa nini?"

"Shati la kijani. Kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mweusi."

Uzi ule aliuvuta Melania mwenyewe, Krismasi, Kalisti kasimama mbele yake anacheka, anamwambia mama utanichoma.

Akakaa chini, miguu ameinyoosha.

"Haya, baba. Sasa niambie."

Enock alitazama kopo. Picha za wafu alikwisha kurusha nyingi, lakini hili hakuwahi kulisema kwa mdomo wake.

"Mama Kalisti," akasema, "mwanao Kalisti amefariki jana asubuhi. Nimekuja kukwambia."

"Nimesikia."

Kisha akaita, "Limi! Wifi! Lete mkeka."

Enock akainuka, akaishika kamera yake taratibu aende.

"Unakwenda wapi wewe? Umeniambia halafu unaondoka? Kaa."

Enock akairudisha kamera chini penye magunzi, akakaa. Ndipo Melania alipolia.