Firigisi ya Mwenye Nyumba

Nakumbuka Krismasi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo hadi leo hunichosha nikiifikiria. Akina mama sita wa kanisa letu la Kanduyi, hapa Bungoma, tulijitolea kuvuka mpaka pale Lwakhakha, tuwapikie watoto wa kituo kimoja cha yatima upande wa Uganda. Mimi ndiye niliyejitia mbele. Nilikuwa kijana, kazi hainishindi.

Tulichinja kuku tangu alfajiri. Wajua kwetu firigisi haiguswi ovyo. Ni ya baba mwenye nyumba, na zamani mwanamke aliyethubutu kuila alirudishwa kwao. Basi nikazitenga zote kwenye bakuli moja, la mchungaji wetu aliyetusindikiza na meneja wa kituo. Mwacha mila ni mtumwa, nikajiambia, nikajisifu moyoni.

Wakati wa kupakua, msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, jina lake Nekesa, akatia mkono bakulini akachukua firigisi moja. Nikamshika mkono, nikampokonya. "Hata kama huna wazazi, si ungefunzwa adabu?" Nilisema hivyo, mwanangu, na watoto wote wakasikia.

Hakulia. Aliweka sahani chini, akawachukua wadogo zake watatu, wakaenda kukaa nyuma ya jiko bila kula.

Mpishi wa pale, mama mzee tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya, akanivuta kando. Hakupaza sauti.

"Umetoka mbali kutupikia, asante. Lakini firigisi si ni ya mwenye nyumba? Baba yao alikufa, mama akafuata. Sasa mwenye nyumba ni huyu. Kuku akichinjwa hapa, mimi humpa yeye firigisi, naye huwakatia wale wadogo. Yeye mwenyewe hata haionji."

Nilibeba bakuli lote nikawapelekea, nikapiga magoti kwenye majivu. "Nisamehe, mwanangu."

Nekesa akaniangalia vile mama mwenye boma humwangalia mgeni. "Asante, mama. Tumeshashiba."

Yule mdogo kabisa alikuwa amelikazia bakuli macho, lakini hakunyoosha mkono. Jioni tulirudi Bungoma, wenzangu wakiimba njia nzima. Mimi niliona aibu, na aibu hiyo sijaimaliza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nasikia nanyi mnajiandaa kwenda huko Krismasi hii. Nendeni, magoti yangu yamekataa safari. Lakini ukifika, kabla hujashika mwiko, uliza hapa nani humpakulia nani. Yatima amekosa wazazi, hajakosa adabu, na mara nyingi amekomaa kukushinda wewe uliyelelewa. Usimlishe kwa mkono mmoja ukimwaibisha kwa mwingine, maana chakula cha namna hiyo hakimezeki, hata kiwe cha sikukuu.

Haya, nimechoka kusema. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akufumbe mdomo pale ambapo mimi sikufumba wangu.