Kidonda cha Adela na Mafuta ya Mzeituni

Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya wakimbizi, mwanangu. Moshi wa kambi ulikuwa umefunika vilima vya Ngara tangu alfajiri, jua likawa jekundu saa sita mchana, na hakuna jogoo aliyewika.

Dada yangu Adela, aliyezaliwa na ualbino, alikuwa na kidonda nyuma ya sikio. Miezi mitatu kabla, daktari wa kambini alisema ni saratani ya ngozi, kikatwe wiki hiyo hiyo, na sehemu ya sikio iende nacho. Adela alilia. Mimi, niliyejiona msomi kwa kumaliza darasa la saba, nikampa mama mmoja mkimbizi debe la viazi vitamu, naye akanipa chupa ya mafuta ya mzeituni.

"Padri anawapaka wagonjwa mafuta haya haya," nikamwambia Adela. "Yatashindwaje na kidonda?"

Nikampaka asubuhi na jioni. Harufu ikaisha, nzi wakamwacha, ngozi ikafunga, ikang'aa. Ila Adela akawa anakaa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Kinatembea," aliniambia siku ile ya moshi.

"Kitembee wapi, nawe umepona?"

"Kinashuka shingoni. Kinapumzika, halafu kinaendelea."

Nikacheka. Bibi yetu, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini, akambonyeza Adela chini ya taya. Uvimbe ukasogea chini ya kidole chake, taratibu, kama kitu kilichoamshwa.

"Wewe msomi," akaniambia, "ukuta unaliwa na mchwa, nawe unaupiga chokaa. Mpeleke kwa daktari. Sasa hivi."

Tulikwenda. Daktari alipapasa shingo ile kwa muda mrefu, kisha akasema saratani imeshafika mahali ambapo kisu chake hakifiki. Adela hakunilaumu. Siku yake ya mwisho alinishika mkono, akatabasamu. "Kimesimama," akasema.

Mwanangu, nasikia wataalamu wanachunguza vilivyomo ndani ya mafuta hayo, kama vinaweza kuzuia saratani. Huenda watapata kitu, siwabezi. Lakini wewe, kidonda kisichopona kipeleke hospitali kingali kidogo, hata kama wataondoa sikio. Na mgonjwa akikwambia anachokisikia mwilini mwake, msadiki yeye kabla ya macho yako.

Mungu aihifadhi ngozi yako na ya waliozaliwa nawe, uzeeke ukiwa na ndugu zako wote.