Kibuyu cha Maharage na Daftari la Mwalimu Mkuu

Nikiiota ile shule, na siku hizi huiota mara nyingi, haina kuta. Kuna ukungu tu, na ndani ya ukungu watoto wanaimba hesabu, saba mara nane, saba mara tisa. Nawasikia, siwaoni. Halafu jua linapata upenyo, na madarasa yanatokea moja moja, na mikaratusi nyuma yake, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni na kengele mkononi. Wenzangu niliosoma nao wanasema sikumbuki vizuri, kulikuwa na baridi na maharage yenye mawe, basi. Waseme wanavyotaka. Mimi nasimulia yangu.

Ilikuwa shule ya kati, ya serikali, enzi za Mwingereza, juu ya kilima kati ya Lushoto na Lukozi. Walimu walikuwa wanne. Mwalimu mkuu alikuwa Mshambaa, Mlutheri, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikawa ngumu kama mbao. Mwalimu wa kilimo aliongea na kabichi zake kwa upole kuliko alivyoongea na sisi. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa mzee, na mchana jua likipenya ukungu alisinzia akiwa amesimama, chaki mkononi, nasi tukanyamaza ili asiamke. Wa nne alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana wa Pwani, aliyepanda milima kutoka Mombo na koti moja zito na hakulivua tena. Alitetemeka Januari mpaka Desemba, masikini ya Mungu.

Na sisi wanafunzi tulikuwa Waislamu na Walutheri, Wakatoliki wachache, na watoto wa Kimbugu waliosemezana lugha yao chini chini. Wavulana ndio waliokuwa wengi, na wengine walikuwa na ndevu. Mmoja wa darasa la nane alikuwa na mke kwao, kwa hiyo Jumamosi hakuna aliyemtangulia kuondoka. Sisi wasichana tulitosha bweni moja dogo nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu, mkewe akituchunga. Mimi nilikuwa darasa la tano na nilikuwa mrefu, mrefu hasa, namtazama mwalimu wa hesabu macho kwa macho. Wavulana waliniita Mlingoti. Niliwapiga wawili kwa jina hilo, waliobaki wakaniita kimoyomoyo.

Basi mwaka huo, masika yakikaribia, ikaja barua kwamba mkaguzi wa shule atakuja, Mzungu, naye anataka daftari lililokamilika: kila mwanafunzi na kijiji chake, dini yake na umri wake. Waliozidi umri watarudi makwao. Kijiji na dini haikuwa taabu. Umri ndio ulikuwa kasheshe. Ukimuuliza mtoto leo ana miaka kumi na miwili, kesho kumi na mitano, na wale wenye ndevu wote walikuwa na kumi na mitatu. Mwalimu mkuu akachoka na uongo wetu. Akaamuru walimu waende vijijini wakawaulize wazee, na atakalosema mzee ndilo litakaloandikwa kwa wino.

Mimi nililelewa na bibi yangu Lukozi, mzaa mama, sisi wawili tu nyumbani. Mwalimu wa Pwani ndiye aliyepangiwa njia ya Lukozi, nikaenda naye Jumamosi moja, mwendo wa asubuhi nzima, yeye akihema na mimi nikimsubiri kila kona. Tulipofika bibi alinituma kuteka maji ili mgeni apikiwe chai ya tangawizi. Niliporudi mwalimu alikuwa amekwisha kuandika. Kibuyu kidogo, ambacho tangu utotoni nilikiona kikining'inia juu ya jiko na kudhani ni cha dawa, kilikuwa sakafuni kando ya ungo. Sikuuliza. Mambo ya dawa hayaulizwi.

Jumatatu majina ya waliozidi umri yakasomwa mbele ya shule. Yakasomwa ya wenye ndevu, mmoja mmoja, wakicheka kwa aibu. Kisha likasomwa langu. Miaka ishirini na mitatu.

Loo! Shule nzima ilivunjika mbavu. Hata mwalimu mkuu alificha mdomo kwa daftari. Nikatoka kwenye mstari bila ruhusa, nikamwambia mwalimu wa Pwani mbele ya watu, "Mimi? Mimi nina ishirini na mitatu?" Akajibu taratibu, koti limemfunika mpaka masikio, "Bibi yako hutia harage moja kibuyuni kila akipanda, tangu ulipozaliwa. Alimimina mbele yangu. Nimehesabu mara tatu." Mwalimu mkuu akasema hata akinipunguzia mitano bado nimezidi, kwa kuwa urefu wangu wenyewe ulikuwa shahidi. Siku ya mkaguzi nitakabidhiwa cheti changu niende, labda bibi aje mwenyewe kutamka vingine.

Nililia siku mbili. Sioni haya kusema, nililia hadi mke wa mwalimu mkuu akanifokea. Nilikuwa naipenda ile shule kwa namna isiyo na akili: harufu ya chaki iliyolowa, ramani ya dunia yenye doa la chai, hata ile baridi ya asubuhi tulipokuwa tukilima bustani huku tumbo tupu. Nikirudi Lukozi nitashika jembe, basi, na saba mara tisa nitaikumbuka kwa nani?

Ruhusa za Jumamosi zilikuwa zimefungwa mpaka mkaguzi apite, nikampa salamu mama mmoja wa Lukozi aliyekuwa akipita na mzigo wa viazi kwenda sokoni Lushoto: mwambie bibi aje, aje na kibuyu. Kimya. Soko lililofuata nikatuma tena. Kimya. Mwalimu wa Pwani nikamnyima shikamoo. Asiyekulia kwetu hajui uzito wa jambo hilo. Nilikuwa nikimwona anakuja naingia mtaroni, nageuza uso, anapita. Wenzangu waliogopa kwa niaba yangu. Yeye hakunichapa wala hakunisema, na hilo likanizidishia hasira.

Siku ya mkaguzi ukungu ulikuwa mzito hata gari lake tulilisikia robo saa kabla ya kuliona. Meza iliwekwa nje, daftari juu yake. Tuliozidi umri tukapangwa upande mmoja, wanaume sita wenye ndevu na mimi. Mkaguzi alianza juu ya orodha, polepole, mwalimu mkuu akimtafsiria. Nilitazama barabara na sikuona kitu. Kisha ukungu ukatoa mtu mmoja mdogo, amejifunga kaniki, miguu ina tope hadi magotini, na kibuyu kifuani.

"Onga mshi," bibi akasema, akiamkia meza nzima, Mzungu na wote. Wala hakungoja kukaribishwa. Akamimina maharage juu ya daftari la serikali.

Yalikuwa meusi kwa moshi wa miaka, yote sawa. Bibi akatema mate kwenye pindo la kaniki, akaanza kuyapangusa moja moja. La kwanza likatoka jekundu. La pili likatoka la madoadoa. Akayatenga mafungu mawili, kila fungu upande wake, mpaka akamaliza. Mekundu kumi na mawili, ya madoadoa kumi na moja.

"Mekundu ya vuli," akasema. "Haya ya masika. Huku kwetu tunapanda mara mbili. Kazaliwa vuli. Hesabuni mekundu peke yake."

Kumi na mawili. Kati ya vuli ya kwanza na ya kumi na mbili, miaka kumi na mmoja. Mwalimu wa Pwani alishika kichwa. "Kwetu tunalima mpunga," akasema, "mara moja kwa mwaka." Mkaguzi alipotafsiriwa alicheka sana, akachukua kalamu mwenyewe na kukata ile ishirini na tatu. Mwalimu wa Pwani akamwinamia bibi. "Mama, nisamehe. Lakini si nilikuuliza, moja ni mwaka mmoja? Ukaitikia." Bibi akawa anakusanya maharage yake.

Nilimsindikiza hadi kwenye lango la miti, nikiruka ruka kwa furaha na kumtukana mwalimu wa watu kwa Kishambaa. Bibi akasimama.

"Mwache," akasema. "Alipohesabu yote nilimwona. Nilijua amekosea. Nikanyamaza."

Sikuelewa. Nikamuuliza kama salamu zangu zilifika.

"Zilifika zote mbili." Akafunua kiganja, ndani mna harage moja la madoadoa, jipya, linang'aa. "Tangu uje huku nyumba imekuwa kubwa. Napika chakula cha mtu mmoja, nakitazama. Nikasema, wakimrudisha wao, si mimi niliyemtoa. Jana nimepanda. Nikataka kulitia hili la masika haya, mkono ukakataa. Nikaona haya, mwanangu."

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuipata tena. Nilimwacha amesimama. Sikumuaga. Niligeuka nikarudi kuelekea madarasani, na nilipotazama nyuma lango lilikuwa tupu, ukungu umekwisha kumchukua.

Mwalimu wa Pwani alikuwa njiani, mikono ndani ya koti. Safari hii sikuingia mtaroni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama usoni. "Bibi yako umemfikisha wapi?"

"Langoni."

"Langoni tu? Ametoka Lukozi kwa miguu, umemfikisha langoni?"

Nikakimbia. Nilikimbia nikimwita, sioni mbele wala nyuma, nikamkuta chini kwenye daraja la magogo, ameketi, anapangusa tope miguuni kana kwamba hana haraka yoyote. Harage lilikuwa bado kiganjani. Nikaketi karibu yake mpaka pumzi ikanirudi.

"Bibi," nikamwambia, "nitakuja kila Jumamosi. Pika cha watu wawili."

Akafungua kibuyu, akanipa lile harage nilitie mwenyewe.