Pipa la Nyumba ya Wageni

Juzi nilikuwa ndani ya boti ya tanga ya mteja, bandarini Mtwara, nikifungua hita kuukuu ya maji ili nifunge kubwa zaidi. Maji yaliyobaki yalinimwagikia mikononi, vuguvugu, yakinuka kutu, na papo hapo nikawa Newala, utotoni.

Baba alikuwa amefunga pipa juu ya jiko la kuni nyuma ya nyumba yetu ya wageni, na bomba likapita ukutani hadi bafuni. Mchana wa kulijaribu, kazi ya kulijaza ilikuwa ya mama. Alishuka bondeni kuteka maji na kupanda na ndoo kichwani, safari baada ya safari, mpaka pipa likajaa, likapata moto, likaanza kunguruma.

“Mama Zuhura, oga kwanza wewe,” baba alimwambia.

“Maji ya moto huniwasha,” mama alijibu, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga.

Nilimwamini. Hata nikaionea huruma ngozi yake. Sikujua kwamba ndoo moja ya kuoga ingemrudisha bondeni.

Maji ya moto ya kwanza niliyompashia mama ni yale ya kuoshea maiti yake. Niliyapima kwa kiwiko, nisije nikamwunguza.