Kifungo cha Mdogo Wake

Khitam alizaliwa wa tano katika nyumba ya mabinti watupu. Baba yake, mkulima wa tumbaku wa Deir Saafin, upande wa Jenin, alimpa jina hilo makusudi ili Mwenyezi Mungu amwelewe. Khitam kwa Kiarabu ni hitimisho: wasichana wametosha. Mungu akamwelewa, maana aliyefuata alikuwa wa kiume, akaitwa Munjid, na baba akachinja kondoo wawili bila kumkumbuka yule aliyefunga mlango. Mama yao alikuwa amechoka na kuzaa. Kwa hiyo mtoto alikulia kiunoni mwa Khitam, ambaye mwenyewe alikuwa mdogo kiasi kwamba miguu ya mtoto ilikaribia kuburuzika chini. Majirani walisema Munjid ana mama wawili, mmoja mkubwa na mmoja ambaye bado anang'oka meno.

Intifada ya kwanza, maasi dhidi ya askari wavamizi, ilipoanza, Khitam alikuwa chuo cha ualimu na Munjid hajaota hata ndevu. Jioni moja mvulana huyo alichora bendera kwenye ukuta wa shule, na bendera siku hizo ilikuwa kosa la kwenda jela. Askari wakapekua nyumba kwa nyumba, wakayakuta makopo ya rangi chini ya majani ya tumbaku yaliyotundikwa yakauke. Afisa aliuliza ni ya nani. Baba alifungua mdomo, lisitoke neno. Munjid alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono mfukoni, uso umemsawijika. Khitam akasema ni yake.

Alifungwa mwaka na zaidi. Gerezani hakuna mtu asiye na chama, maana hata sufuria zinagawanywa kwa vyama. Wanawake wa chama cha Harakati ndio waliompa blanketi usiku wa kwanza, basi akawa wa Harakati, na watu wengi wameingia siasa kwa sababu dhaifu kuliko blanketi. Alipotoka, mji ulimpokea kwa vigelegele. Mchumba aliyekuwa ameahidiwa alimtuma mama yake aje kusema kwamba ndoa ni nasibu na hii haikuandikwa, na hakuja tena mwingine wa maana. Khitam hakulia sana. Alifundisha kemia katika shule ya wasichana, baadaye akawa mwalimu mkuu, na wasichana walimwogopa kuliko wazazi wao.

Habari ya makopo ya rangi haikuzungumzwa tena nyumbani. Hakuna aliyeikataza. Ilikuwa kama mgonjwa wa chumba cha ndani, kila apitaye anapunguza sauti. Munjid alisoma, akapata kazi ofisi ya kilimo, akamwoa Nuzha, akazaa. Naye aliingia Harakati. Kila kulipokuwa na mkutano, yeye ndiye aliyebeba viti na kubandika picha za wagombea, na wagombea walipokwisha kushinda walimpigia simu kumwuliza funguo za ukumbi ziko wapi.

Kisha ukaja mkutano mkuu wa Harakati, ule unaopaswa kuja kila baada ya miaka michache lakini huja unapojisikia. Wajumbe wa kaskazini walitafuta mwanamke wa kuingia Baraza, na walitaka mwenye historia. Kwa lugha ya Harakati, historia maana yake ni jela. Mwalimu Khitam alichaguliwa bila hata kuomba. Siku hiyo Munjid alimkumbatia hadharani, akawagawia watu peremende, na usiku hakula.

Watu wakilisikia jina la Baraza hudhani ni mahali pa radi. Khitam alikuta ukumbi wa Ramallah wenye viti vizito na moshi mwingi wa sigara, na wanaume waliojuana tangu ujana wakigombana kwa adabu. Kamati Kuu ilikaa juu ya Baraza na kufanya ilivyoona. Baraza lilikutana, likawasomea mashahidi wa mapambano Fatiha, likalalamika siku mbili, kisha likaafiki. Kupiga kura kulionekana kama utovu wa heshima. Katibu, mzee Abu Sinan, aliuliza tu, "Kuna anayepinga?" na kabla mtu hajavuta pumzi alikuwa ameshagonga meza. Khitam alikaa humo miaka mingi, akivuka vizuizi vyote vya barabarani kwenda na kurudi, wala hakuwahi kuzuia kidole cha Abu Sinan kisigonge.

Uchaguzi wa manispaa ndio uliomtoa kwenye kimya hicho. Harakati ilipanga orodha yake ya Deir Saafin kwa kuangalia ukubwa wa koo, na ukoo wa Khitam ni mdogo. Juu ya orodha likawekwa jina la mfamasia mmoja ambaye hajawahi kubeba kiti hata cha kukalia yeye mwenyewe. Munjid aliingoja simu ya kumwita, haikulia. Ndipo akaunda orodha yake pamoja na fundi bomba na walimu wawili, akaiita Maji Kwanza, maana kiangazi mji ule hupata maji kwa zamu na zamu zenyewe hufuata undugu. Amri ya Harakati ilikuwa wazi: anayegombea nje ya orodha anafukuzwa, na majina yanapelekwa Barazani.

Munjid hakuonekana kusikitika. Kwa kinyozi aliwaambia watu kuwa wakimfukuza atachinja kondoo. Watu walicheka, na baadhi yao walisema, sasa huyu tutampa kura, maana hana bwana. Khitam alizisikia habari hizo akaziweka kwenye fungu la majigambo ya wanaume. Alichokiamini ni maneno ya wifi yake. Nuzha alikuja nyumbani kwake na sahani ya keki za semolina, akakaa ukingoni mwa kochi, akaeleza kwamba waliofukuzwa mahali pengine walihamishiwa ofisi za mbali bondeni, wengine wakaachishwa kazi kabisa, na watoto bado wanasoma. Akamwomba asimwache.

Ijumaa iliyofuata Munjid alipanda paani kwa dada yake kuziba tangi la maji lililokuwa linavuja. Khitam alimfuata huko juu.

"Jina lako limefika Ramallah," alimwambia.

"Lina bahati. Mimi kila nikienda kizuizi kinanirudisha."

"Munjid, sitanii."

"Wala mimi. Dada, wakiuliza nani anapinga, wewe kaa kimya kama wenzako. Usinitetee. Ukinipenda, usinitetee."

Hapa ndipo Khitam alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwingine asingelifanya. Kwao mgeni hukataa chakula. Huapa kwa Mungu kwamba ameshiba, huweka mkono juu ya sahani, na mwenye nyumba asiyemwongezea huaibika mpaka kwa majirani. Mama yao alikuwa bingwa wa kuongeza juu ya mkono wa mtu. Khitam alimtazama mdogo wake aliyeinama juu ya tangi na kusema usinitetee mara mbili, akasikia mgeni anayekataa wali. Akashuka ngazi akiwa ameshaamua.

Siku ya kikao simu zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, kwa ajili ya siri. Abu Sinan alisoma majina mkoa kwa mkoa, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mboga. Alipofika Jenin akauliza kama kuna anayepinga, na kidole kilikuwa njiani kuelekea mezani Khitam aliposimama.

Alikuwa amejiandaa kusema mambo ya kawaida: utumishi wa miaka, viti, picha zilizobandikwa mvuani. Aliyasema. Mjumbe mmoja kutoka mji wa Khalil, mwanamume mpole mwenye tumbo, alimjibu bila ubaya wowote.

"Dada yetu, sote tuna ndugu. Tukianza kuwatetea humu ndani, hili litakuwa si Baraza tena, litakuwa harusi."

Ukumbi ukacheka. Khitam hakuzoea kuchekwa, shuleni kwake hakuna aliyethubutu. Masikio yakamwaka moto, na jambo ambalo nyumba nzima ililifunika tangu ujana wake likamtoka mdomoni kwa sauti ya darasani.

"Kiti hiki mlinipa kwa sababu ya kifungo," alisema. "Kifungo kile kilikuwa cha Munjid. Rangi ilikuwa yake na bendera aliichora yeye, mimi sikushika hata brashi. Mkimfukuza yeye, mtakuwa mmemtoa mwenye kiti mkamwacha aliyemshikia nafasi."

Moshi ukawa ndicho kitu pekee kinachotembea humo ndani. Wazee wa Baraza wana moyo laini kwa jambo moja tu, nalo ni ujana wao, na Intifada ya kwanza ndiyo ujana wao. Yule wa Khalil alijifuta macho waziwazi. Abu Sinan alivua miwani, akasema kuwa ndugu Munjid apewe onyo, na pamoja na onyo apewe shukrani za Baraza kwa mapambano yake. Akauliza kama kuna anayepinga, akagonga. Khitam aliketi. Alifurahi. Alifurahi kama siku alipofunguliwa jela, na pengine zaidi, kwa kuwa safari hii hapakuwa na mchumba wa kumpoteza.

Siri ya kikapu cha simu ilifika Deir Saafin kabla yeye hajafika hata Nablus, katikati ya njia.

Nusu ya kwanza ya habari iliharibu mambo siku ileile. Munjid hakufukuzwa, tena ameshukuriwa. Kumbe ni mtu wao, watu wakasema. Kumbe Harakati ina orodha mbili, moja ya baba na moja ya mtoto, upige hii upige ile fedha inaingia mfuko mmoja. Fundi bomba alijitoa kwenye orodha. Mfamasia alimpigia Munjid simu ya pongezi, na huo ulikuwa ukatili aliofanya kwa adabu zote.

Nusu ya pili ilitembea polepole zaidi, ikaenda mbali. Hakuna aliyemtukana Munjid. Walihesabu umri wake wa wakati ule, wakatikisa vichwa, wakasema alikuwa mtoto. Lakini mji ule unaweza kumsamehe mwanamume karibu kila kitu, isipokuwa dada kuingia kwenye gari la askari yeye akitazama. Katika mkutano wake wa mwisho wa kampeni kijana mmoja alinyanyuka, akamwita ustadhi kwa heshima, akauliza, "Na haya ya maji, ukibanwa utamsukuma nani mbele?" Munjid aliiweka maikrofoni juu ya kiti, akateremka. Siku ya kura orodha ya Maji Kwanza haikupata hata kiti kimoja. Khitam, aliyempigia kura mdogo wake kinyume cha amri ya Harakati, alizipokea habari hizo akiwa amesimama jikoni. Nuzha hakuja tena na keki. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na Khitam alilia, mara moja, akafungulia bomba ili asisikike, japo aliishi peke yake.

Munjid alimwacha Ijumaa moja, Ijumaa ya pili akaja kama kawaida. Aliketi mahali pake, akaulizia tangi kama linavuja, akaambiwa halivuji. Khitam aliweka kahawa mezani. Alikuwa ameandaa namna ya kujitetea, akaanza kusema habari za kazi yake, za watoto, za ombi la Nuzha. Munjid alimsikiliza mpaka mwisho, hana hasira.

"Nilikuambia usinitetee," alisema.

"Nilidhani unasema tu."

"Najua ulivyodhani. Tumelelewa na mama mmoja." Aliangalia dirishani kidogo. "Kila mwaka nilijiambia, mwaka huu nitasema. Mwaka ukaisha. Safari hii nilikuwa nimepanga kweli. Nikishinda, siku ya kuapa, nitasimama mbele ya mji wote niseme kifungo kile kilikuwa changu na dada yangu alikibeba. Maneno yote nilikuwa nayo. Muulize Nuzha, nilikuwa najizoeza bafuni mpaka akaniambia niache kumaliza maji."

Khitam alilirudisha birika la kahawa kwenye sinia.

"Jela ulinichukulia, nikakuachia, nilikuwa mtoto. Na kusema nako umenichukulia. Sasa niambie, dada, mimi nimebakiwa na lipi la kufanya?"

Khitam alikuwa na jibu kwa kila mzazi aliyewahi kuingia ofisini kwake, na kwa wakaguzi, na kwa afisa wa askari alikuwa nalo. Kwa mdogo wake akasema tu anywe kahawa isije ikapoa, akanyoosha mkono akakisogeza kikombe mpaka karibu na vidole vyake, na kikombe kilipokwisha fika pale ndipo akatambua kwamba hata hilo hakuwa amemwuliza kama analitaka.